Kichupa cha Mkojo si Kadhi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nawaomba radhi wapenzi wasomaji kwa kuiweka kando mada niliyokuwa nimeikusudia juma hili. Imenifikia barua kutoka Nairobi, mtaa wa Komarock, ule uliopakana na Kayole kando ya Barabara ya Kangundo. Aliyeiandika ni mama wa Kimombasa aliyehamia huko kumfuata mumewe, na amenipa ruhusa niizungumze barua yake hapa pasi na kumtaja jina.

Mama huyu ana kijana wa miaka 24 anayetumikia kifungo kwa kosa la wizi. Kisa cha wizi wenyewe ni unga. Gerezani kijana amehudhuria darsa, ameanza kuhifadhi Qur'ani, na mamake alikuwa akitoka Komarock asubuhi mapema kila alipopata nauli ili kwenda kumtazama. Ramadhani iliyopita, baada ya adhuhuri, wafungwa wa bweni lake waliamrishwa kutoa mkojo upimwe dawa za kulevya. Kijana alikuwa amefunga, akashindwa kutoa. Akaambiwa anywe maji. Akakataa, akaomba angojewe hadi magharibi. Ikaandikwa kwamba amegoma kupimwa. Asubuhi ya pili alitoa, karatasi ikatumbukizwa, na baada ya dakika chache akaambiwa ana unga mwilini. Yeye aliapa kwamba hakugusa kitu, ila alikuwa akikohoa na usiku akinywa dawa ya kikohozi aliyopewa zahanati.

Habari zilifika Komarock kabla ya mama kufika gerezani. Mwanawe mkubwa akasema, "Mama, tumechoka. Akitoka asije hapa." Baba hakusema neno. Jirani mmoja aliwaita watoto wake ndani mama alipopita. Sasa zimesalia wiki chache kijana amalize kifungo, na mama ananiuliza maswali matatu: Je, kipimo hiki kinaweza kukosea? Je, mwanangu alikosa kwa kukataa maji? Na akitoka, nimpokee au nimfungie mlango?

Dada yangu, nitakujibu kwa utaratibu, kwani najua si wewe pekee uliye na swali hili. Nyumba nyingi za Pwani, na za watu wa Pwani waliotawanyika Nairobi, zina mtoto ambaye jina lake hutajwa kwa sauti ya chini.

Nianze na karatasi yenyewe. Kipimo cha haraka cha mkojo hakitafuti unga wala bangi kama macho yanavyotafuta sindano iliyoanguka. Hutafuta mabaki ambayo mwili huyatoa baada ya kuivunja dawa. Kila aina ya dawa ina muda wake. Unga hutoka kwenye mkojo kwa takriban siku mbili au tatu. Bangi kwa mtu anayeivuta kila siku huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuiacha. Kwa hiyo kijana aliyeacha bangi kwa toba ya kweli huweza kuonekana ana hatia, na mwenzake aliyetumia unga siku nne zilizopita akaonekana hana kitu.

Pili, karatasi hizi husomwa kinyume na kipimo cha mimba ambacho wengi wetu tunakifahamu. Katika kipimo cha mimba, mstari wa pili ukitokea maana yake kuna jambo. Katika kipimo cha dawa za kulevya, mstari ukitokea mahali pa dawa hiyo, hata ukiwa hafifu, maana yake haikupatikana dawa ya kufikia kiwango kilichowekwa. Mstari usipotokea ndipo panapokuwa na jambo. Na upo mstari mwingine wa kuthibitisha kwamba karatasi inafanya kazi. Huo nao usipotokea, kipimo hakifai na hakihesabiwi. Mtu asiyefunzwa, akisoma kwa haraka au kwenye mwanga hafifu, anaweza kuyageuza majibu yote.

Tatu, kuna dawa za hospitali zinazofanana na unga mbele ya karatasi. Dawa kadhaa za kikohozi na za maumivu zina kodeini. Mwili huigeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini, na unga nao mwilini huwa mofini. Karatasi haitofautishi. Tatizo hili linajulikana sana hata Marekani, ambako mwaka 1998 kiwango cha kumhesabu mfanyakazi wa serikali kuwa ametumia kilipandishwa kutoka nanogramu 300 hadi nanogramu 2,000 katika kila mililita ya mkojo, kwa sababu watu waliokunywa dawa za kawaida au waliokula mikate yenye mbegu za mpopi walikuwa wakituhumiwa bure. Mkojo ule ule ungeweza kuwa na hatia chini ya kiwango cha kwanza na kukosa hatia chini ya kiwango cha pili.

Ndiyo maana utaratibu ulio sahihi huwa na ngazi mbili. Karatasi ni ngazi ya kwanza, na kazi yake ni kushuku tu. Ngazi ya pili ni maabara, kwa mashine inayotenganisha kila kitu kilichomo na kukitambua kwa jina lake. Maabara inaweza kuona alama moja inayotokana na unga peke yake, wala haitokani na kodeini, ingawa alama hiyo nayo hupotea katika muda wa siku moja hivi. Kabla ya yote, anayepimwa huulizwa ni dawa gani anazotumia, na majibu yake huandikwa. Mkojo hukaguliwa joto lake mara tu unapotolewa ili ijulikane haukubadilishwa. Kichupa hufungwa kwa muhuri na kuandikwa jina mbele ya mwenyewe, naye hutia sahihi. Pakiwezekana mkojo hugawanywa vichupa viwili, cha pili kiwekwe kwa ajili ya kupimwa tena endapo mtu atapinga. Penye upungufu wa hatua hizi, jibu hubaki kuwa tuhuma.

Sikuambii kwamba mwanao ni mkweli. Hilo analijua yeye na Mola wake. Nakuambia kwamba karatasi ile haiwezi kukuambia kuwa ni mwongo. Dawa aliyopewa iliandikwa katika daftari la zahanati, na daftari hilo ndilo la kuulizwa kwanza. Katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta, na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Mtaa mzima umemhukumu kijana kwa karatasi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona.

Sasa swali la maji. Fatwa ya saumu si kazi yangu. Mwulize sheikh wa msikiti wenu. Ila naweza kukueleza kwamba mwanao hakuwa wa kwanza kusimama mahali hapo. Mwezi wa Ramadhani mwaka 2003, katika gereza moja la jimbo la New York, mfungwa Mwislamu aitwaye Darryl Holland aliamrishwa kutoa mkojo. Kanuni ilimpa saa tatu. Hakuweza, akapewa maji, akakataa kwa kuwa amefunga, akaomba anywe jua likizama. Aliadhibiwa, akafungiwa peke yake kwa siku 77. Alikwenda mahakamani. Mahakama ya kwanza iliona ni jambo dogo: angekunywa maji kidogo kisha akalipa siku moja. Lakini mwaka 2014 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Holland dhidi ya Goord, ilisema kwamba kumtaka Mwislamu achague kati ya saumu yake na adhabu ni kuitia mzigo mzito ibada yake, na kwamba kulipa siku nyingine hakuuondoi mzigo huo. Wakati kesi ikiendelea, kanuni ya magereza ya huko ilikwisha rekebishwa ili anayefunga kwa ajili ya dini aangaliwe hali yake.

Nimekisimulia kisa hiki ili uone kwamba kulikuwa na njia nyepesi: kungoja jua lizame. Kungoja hakuharibu kipimo, kwani mabaki ya unga hayapotei kati ya adhuhuri na magharibi, mradi mtu awekwe mahali asipoweza kubadilisha kitu. Aliyeandika kwamba mwanao amegoma aliandika neno lisilolingana na tukio. Aliyegoma ni anayesema sitoi. Mwanao alisema ngoja.

Lipo pia jambo la sitara, ambalo hukulitaja lakini akina mama wengine wameniuliza, hasa wenye mabinti waliofungwa. Mkojo hutolewa mbele ya mtu ili usibadilishwe, na hapo ndipo heshima inapoweza kuvunjwa. Kanuni za magereza za Uingereza zimesema wazi kwamba mfungwa asitakiwe kutoa mkojo mbele ya macho ya mtu wa jinsia nyingine, na kwamba asiyeweza kutoa asitengwe kwa zaidi ya saa tano. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinataka upekuzi wowote wa mwili ulio mzito ufanywe faraghani, na watumishi waliofunzwa, wa jinsia moja na anayepekuliwa. Na Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 51, inasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kwa sababu ya kufungwa kwenyewe. Ukuta wa gereza haumvui mtu uchi.

Tuulize basi: kupima wafungwa kunakusudiwa nini? Uingereza iliweka sheria ya kuwapima wafungwa kwa lazima mwaka 1994, na kufikia mwaka 1996 magereza yote ya England na Wales yalikuwa yakipima. Nia ilikuwa njema. Lakini haukupita muda watu wakaanza kuhofu jambo ambalo hata mtoto wa madrasa angeliona: ikiwa bangi huonekana kwa wiki nyingi na unga kwa siku mbili tatu, na adhabu ipo kwa yote mawili, basi mfungwa asiye na tiba anasukumwa kuliacha lile linaloonekana na kulishika lile linalofichika. Adhabu tupu haikumponya mtu.

Lipo pia pimo la namna nyingine, nalo liko karibu nanyi. Mwezi wa Disemba mwaka 2014, Hospitali ya Mathari iliyoko Barabara ya Thika ilianza kuwapa waraibu wa unga dawa ya methadoni, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Malindi na Mombasa. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na humkinga na alosto ili aweze kusimama, kufanya kazi na kuswali bila kutetemeka. Hapo pia mkojo hupimwa. Hupimwa kabla ya kuanza, kwa kuwa mtu ambaye mwili wake haujazoea unga akipewa methadoni inaweza kumwua. Na hupimwa tena njiani ili daktari ajue kipimo cha dawa kinatosha au hakitoshi. Anayekutwa na unga huitwa, huulizwa na husaidiwa. Hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa huduma hii imefika, na ndivyo zinavyotaka Kanuni za Nelson Mandela, kwamba matibabu ya uraibu yasikatike kwa mtu kuingia gerezani wala kutoka.

Naja kwenye swali lako la tatu, na hapa nakuomba usome pole pole.

Watu hudhani kijana akitoka gerezani mkojo ukiwa safi, hatari imekwisha. Kwa aliyekuwa akitumia unga, siku hizo ndizo za hatari kuliko zote. Mwili uliokaa miezi bila unga umesahau kuuhimili. Akirudia kiasi kile kile alichokuwa akikitumia zamani, huweza kusinzia na asiamke. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya hatari ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Hizo ni wiki mbili tu. Ni wiki zile zile ambazo mwanao mkubwa anataka ndugu yake akute mlango umefungwa.

Akifungiwa mlango wa Komarock, dada yangu, atakwenda wapi? Atakwenda kwa wale watakaompokea bila kuuliza, na tunawajua ni nani na watamkaribisha kwa nini. Kwa hiyo jawabu langu ni hili: mpokee. Mpokee kwa masharti, si kwa upofu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nami sikuambii umchelee. Fedha za nyumba na simu ziwekwe mahali pake. Kazi na swala ziwe na saa zake. Asitoke usiku bila kuaga. Lakini asilale nje.

Kabla hajatoka, yafanyeni haya. Mume wako au wewe mwombeni ofisa msimamizi wa gereza kwa adabu kuonana naye. Ulizeni kama daftari la zahanati lilitazamwa kabla jibu halijaandikwa, na kama kipimo cha maabara kilifanywa. Ombeni yaliyoandikwa kuhusu kugoma yasahihishwe kwa kueleza kwamba alikuwa amefunga. Mkikosa kusikilizwa, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko, na Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kimewafunza hata wafungwa wa Kamiti na Shimo la Tewa kuwa wasaidizi wa kisheria kwa wenzao. Mwulizeni kijana kama gereza lake lina wasaidizi wa namna hiyo.

Akitoka, mpelekeni hospitali katika siku za mwanzo, kabla ya karamu na kabla ya wageni. Daktari ataamua kama anahitaji dawa, ushauri au vyote viwili. Si kila atokaye gerezani hufaa kwa methadoni, na jambo hilo lisiamuliwe na jirani. Nambari ya NACADA ya bila malipo ni 1192. Huko kuna washauri, na mama anaweza kuipiga kwa niaba ya mwanawe.

Na kila mtu wa nyumba hiyo, hata kaka aliyekasirika, ajue dalili hizi: mtu hashtuki ukimwita na kumtikisa, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi zimekuwa chache, midomo imegeuka rangi. Huyo si wa kuachwa alale ili ulevi uishe. Asimwagiwe maji ya baridi wala asinyweshwe maziwa. Alazwe ubavu ili asipaliwe, atafutwe gari wakati huo huo, na hospitali waambiwe ukweli kwamba huenda ametumia unga, kwani ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi ikiwahi. Aibu ya kusema neno hilo mlangoni mwa hospitali imewazika vijana wengi.

Nimesikia kwamba kaka yake anafikiria kununua vipimo na kumpima kila Ijumaa. Mwambie asifanye hivyo kwa lazima. Nyumba ikigeuka mahabusu, kijana atajifunza ujanja wa siku tatu na wa kunywa maji mengi, kama walivyojifunza wengine huko ndani. Ikiwa kijana mwenyewe ataomba apimwe ili aaminiwe tena, hilo ni jambo jingine, na lifanyike kwa daktari. Majibu yabaki kati yao, yasipelekwe kwa shangazi wala yasiingie kwenye kikundi cha simu cha ukoo.

Na kwa jirani aliyewaita watoto wake ndani, namwambia kwa upole: siku moja nawe utatamani watoto wako wapokelewe. Kijana huyu alipata nguvu ya kukataa maji mchana wa Ramadhani mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumwadhibu. Huenda alitumia unga, huenda hakutumia. Lakini moyo uliofanya hivyo haujafa, na familia haina ruhusa ya kuuzika.

Dada yangu, siku ya kutoka kwake nenda mwenyewe langoni, na ukiweza mchukue yule kaka mkubwa. Muwe mmepika. Mwenyezi Mungu amlinde mwanao na wana wetu wote, awatie nguvu wanaojaribu kuacha, na atujaalie nyumba zetu ziwe mahali pa kurejea.

Wabillahi tawfiq.